Ile jezi nambari 13

Edmonton, Jumapili usiku

Salim ndugu yangu,

Mambo vipi huko South B, mama goti lake linaendeleaje, nisalimie sana umwambie ile dawa ya kuchua nishampa dada mmoja anayekuja Nairobi mwezi ujao. Mimi niko poa tu ila baridi ndo hiyo ishaingia, asubuhi naikwangua barafu kwenye kioo cha gari na kadi ya benki kwa sababu kikwanguo nimepoteza tena.

Nimeisikiza ile voisi yako mara mbili nikicheka peke yangu kwa basi. Ati wale majamaa tuliokuwa tukienda nao Panari kuteleza wanakuuliza huyo mwenye jina refu mgongoni mwa hiyo jezi niliyokupa ni nani na mbona hawamuoni siku hizi. Nilitaka kukujibu kwa voisi lakini hadithi ni ndefu, na pia leo usingizi umekataa, nitakwambia mbona.

Anaitwa Jesse Puljujärvi, mchezaji wa hoki ya barafuni, usijaribu kulitamka ukiwa na chakula mdomoni. Mfini, kakulia mji unaitwa Tornio, kule juu kabisa mpakani na Sweden. Wajua 2016 huyu mtu alikuwa nani? Mashindano ya dunia ya vijana yalichezwa Helsinki, kwao, Finland ikabeba dhahabu na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote, pointi 17 (yaani magoli na pasi za magoli) mechi 7, miaka 17! Mwaka huohuo kwenye drafti ya NHL, ile ligi kubwa ya huku, timu zinapochagua vijana kwa zamu, kila mtu alisema ataenda wa tatu, Columbus wakamruka wakachukua mwengine, akaangukia Edmonton nambari nne. Watu hapa walishangilia kama wameokota pochi barabarani. Maana Edmonton tayari kulikuwa na Connor McDavid, nyota wao mkubwa, na hesabu ilikuwa rahisi, mweke huyu winga kubwa kando ya McDavid halafu subiri magoli.

Magoli hayakuja hivo. Kiingereza alikuwa hana, mara anapelekwa timu ndogo Bakersfield kule California, mara anarudishwa, nyonga zinamuuma, na msimu wa 2018-19 alifunga manne tu kwenye mechi 46 akaishia kupasuliwa nyonga. Akasusa akarudi kwao kuchezea Kärpät, timu ya Finland, huko alipata pointi 53 mechi 56, yaani mtu yuleyule, mguu uleule. 2020 akakubali kurudi Edmonton, akaivua ile 98 aliyokuwa akivaa mwanzo akavaa 13. Hapo ndo mimi nilianza kumfuata, nilikuwa nishafika huku na pale godauni redio haizimwi, ukitaka usitaka utaijua hoki.

Ule msimu wa 2021-22 alipata pointi 36 mechi 65, magoli 14. Si mbaya wallahi. Lakini mshambuliaji mwengine, Hyman, alikuwa keshasajiliwa, Januari akaja Kane, naye mshambuliaji, na kina hao ndo waliokalia kiti cha kando ya McDavid. Halafu ikaja ile Julai 2022, kila siku redioni anauzwa, hauzwi, anauzwa, mwisho wakampa mkataba wa mwaka mmoja, dola milioni tatu.

Najua utaniambia milioni tatu na wewe wamuonea huruma. Sikiza kwanza. Kwenye ligi ile kila timu kwa mwaka ule ilikuwa na kikomo cha mishahara, milioni 82 na nusu, hauruhusiwi kupita, na kikosi ni watu 23 basi. Kwa hivyo ile milioni tatu yako si pesa tu, ni nafasi umekalia, na kila timu ikitaka kununua mtu wanaangalia nani ainuke. Mwaka mmoja maana yake wao hawakuamini kiasi cha kukupa minne na wewe hujafunga kiasi cha kuidai. Ni kama nyumba ya kulipa mwezi kwa mwezi, unaishi lakini hupigi misumari ukutani.

Na ilionekana barafuni, Salim, hii ndo sehemu nilitaka kukwambia. Mimi si mtaalamu lakini nimemtazama sana. Alikuwa anakimbia kuliko wote, anawasumbua mabeki kwenye kona, ananyang'anya ile paki, kile kisahani wanachochezea badala ya mpira, safi kabisa, halafu akifika mbele ya goli, goli liko hapo, kipa kalala, anatafuta mtu wa kumpasia! Kama anaomba ruhusa. Kuna mzee wa Bukavu nafanya naye kazi, kila tukisikia mtangazaji anamlalamikia yeye anasema "huyu mutoto si mubaya, banamukimbiza tu". Na mashabiki nao waligawanyika, nusu wanamwita Mfalme wa Nyati wanampenda kama mtoto wao, nusu wanataka afukuzwe jana. Mwezi wa 11 mwaka huohuo akahojiwa na watu wa kwao, akasema kwa mdomo wake pengine kiwango chake hakitoshi kwa ligi hii. Mimi niliposoma hayo niliishiwa nguvu. Mtu wa miaka 24!

Tarehe 28 Februari 2023 wakampeleka Carolina, wao wakapewa kijana mwengine wa Kifini ambaye jina lake hata hapa hulisikii, na siku hiyohiyo wakamleta Ekholm, beki mkubwa kutoka Nashville. Ndo nilivyokwambia, aliinuliwa kwenye kiti. Carolina mechi 17 bila goli hata moja. Kuja kufika kiangazi ikajulikana nyonga zote mbili zimeharibika, akapasuliwa zote. Sasa rudi nyuma uhesabu, zile mbio zote, zile kona zote, alikuwa anazifanya na nyonga zile, na sisi tumekaa kwenye redio tunasema hana moyo.

Baada ya hapo ni vikaratasi tu. Desemba 2023 alienda timu ndogo ya Pittsburgh kwa karatasi ya majaribio, yaani njoo ucheze tukuone, Februari wakampa mkataba wa miaka miwili kama dola laki nane kwa mwaka, karibu na kima cha chini kabisa cha ligi, na wenyewe haukufika mwisho. Huko pia kuna kitu wanaita weva, timu ikitaka kukushusha inakuweka mezani masaa 24, timu yoyote nyingine inaweza kukuokota bure, na usipookotwa ndo unashuka. Hebu fikiria kukaa na simu hayo masaa 24. Machi 2025 akaenda timu ya Florida, haohao walioipiga Edmonton fainali Juni mwaka huohuo, na sahii yuko Uswisi, Geneva. Kwa hivyo waambie hao majamaa hajapotea, anacheza, wao tu hawaangalii hoki ya Uswisi.

Sasa kuhusu usingizi. Mkataba wangu wa miezi mitatu unaisha Ijumaa. Huu ni wa nne mfululizo, wa kupitia kwa wakala, na nikimuuliza msimamizi ananiambia tutaona. Wiki iliyopita kulikuwa na mzigo umepangwa vibaya, najua kabisa unavyotakiwa kupangwa, forklifti naiendesha vizuri kuliko wote wa zamu ile, na nilisimama hapo nikingoja mtu aje aniambie panga. Nilisimama dakika kumi hivi. Nikamkumbuka huyu Mfini na paki yake mbele ya goli nikajichukia kidogo, halafu nikaenda nikaupanga bila kuuliza mtu. Hakuna aliyesema kitu, si kizuri si kibaya. Kwa hivyo sijui.

Usimwambie mama haya ya Ijumaa. Nikipewa karatasi nyingine nitapiga simu usiku huohuo, nikinyimwa pia nitapiga lakini Jumamosi, nikishalala.

Na kitu kingine, nikiri tu maana umeanza kujisifu nayo. Ile jezi niliinunua wiki ileile aliyouzwa, dukani walikuwa wameitupa kwenye kapu la mwisho mwisho karibu na mlango, bei nusu ya nusu. Nilikuwa natafuta glavu. Nikaiona hiyo 13 imekunjwa juu ya zingine nikashindwa kuiacha. Usiifue na maji moto, herufi zitabanduka, na jina lenyewe ni refu, zikibanduka mbili tatu hata mimi sitalijua tena.

Wako,
Abdu