Kikombe cha msibani kina hatari, ila si ile tunayoiogopa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kikombe kile kinacholala juu ya kifuniko cha ndoo ya maji, msibani, shuleni na hata katika baadhi ya ofisi zetu. Mwenye kiu hukichukua, hukizamisha ndooni mpaka vidole vikalowa, hunywa, kisha hukirudisha pale pale. Hakuna anayestuka. Lakini akitokea mtu anayejulikana kuwa na VVU au anayetumia dawa za kifua kikuu, huyo hutengewa kikombe chake pembeni. Hofu hiyo imeelekezwa pasipo na hatari, na penye hatari pameachwa wazi.

VVU haviambukizwi kwa kuchangia kikombe, sahani wala kijiko. Homa ya ini aina B nayo hupita kwenye damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, glasi haihusiki. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa hutoa chembe ndogo mno zinazoelea chumbani kwa saa kadhaa, na mwenzake huzivuta hadi mapafuni. Ukimtengea kikombe huku mnalala chumba kimoja na madirisha yamefungwa, hujamkinga mtu yeyote. Umemdhalilisha mgonjwa tu, na wengine wakiona hivyo wataficha kikohozi chao. Kinachosaidia ni kufungua madirisha, kuziba mdomo wakati wa kukohoa, kupima makohozi kikohozi kinapofikisha wiki mbili, na kumaliza dawa, ambazo kwa kawaida ni za miezi 6 na hutolewa bure.

Sasa kikombe chenyewe. Kinabeba vitu viwili: mate ya aliyetangulia, na uchafu wa mkono wake. Kwenye mate kuna mafua, Uviko-19, virusi vya vidonda vya homa vinavyotokea pembeni mwa midomo, na vijidudu vinavyosababisha uvimbe na maumivu ya koo kwa watoto. Kuna pia matumbwitumbwi, na hapa walimu wasikilize: chanjo ya surua-rubela wanayopata watoto wetu haikingi matumbwitumbwi, na mtoto huanza kuambukiza siku kama mbili kabla shavu halijavimba, akaendelea kwa siku kama 5 baada ya hapo. Kwa hiyo kusubiri mtoto avimbe ndipo umzuie kutumia kikombe cha darasa ni kuchelewa.

Mkono ni mbaya zaidi kuliko mdomo. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini aina A hutoka chooni, hupanda kwenye vidole, vikaingia majini pamoja na kikombe. Maji yaliyochemshwa vizuri asubuhi yanaweza kuwa yameharibika kufika saa nne, na mwenye nyumba akaapa kwamba ameyachemsha. Ni kweli ameyachemsha. Yaliharibikia ndooni.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kuzuia chochote kisizamishwe. Tafuta ndoo yenye bomba na kifuniko kinachokaza, uiweke juu ya stuli ili kikombe kikae chini ya bomba bila kuligusa. Kama bomba halipo, weka kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, ichotee tu na isinyewe, na awepo mtu mmoja wa kuwamiminia wengine. Maji yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja. Kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000, dakika 3. Au tumia kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20 za maji maangavu, usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana uchafu hula klorini ikaisha kabla haijafika kwa vijidudu.

Pili, kuosha vikombe. Hapa ndipo wengi hukosea ingawa wana nia njema. Muuza kahawa wa barazani ana dele lake, vikombe vidogo na kindoo cha kusuuzia. Kikombe huzamishwa, huzungushwa kwa kidole, kikajazwa kwa ajili ya mteja mwingine. Baada ya wateja kumi na tano maji yale yamekuwa ya kijivu, na kila kikombe kinachopita humo kinaogeshwa mate ya wote waliotangulia. Kahawa ni ya moto, kweli, ila inapoa haraka kwenye kikombe kidogo, na moto wake hauoshi ukingo wa nje unaogusa mdomo.

Utaratibu unaofaa unahitaji vyombo vitatu. Cha kwanza maji ya sabuni, usugue ndani na hasa ukingo. Cha pili maji safi ya kusuuzia, na kama yapo ya kumiminika ni bora zaidi. Cha tatu maji yenye jiki: kwa jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwa lita moja ya maji, yaani mililita 50 kwa ndoo ya lita 10. Kikombe kizame chote kwa dakika 2, kisha kifudikizwe kwenye chanja kikauke chenyewe. Usikifute kwa kitambaa kilichofuta vikombe vingine hamsini. Sabuni lazima itangulie, kwa sababu mate na mafuta huiua nguvu jiki. Maji hayo yatengenezwe upya kila siku, yakae kivulini, na yamwagwe mara yanapochafuka. Usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo. Hutoa hewa yenye sumu.

Kuna wanaoamini pombe hujisafisha yenyewe. Haijisafishi. Kileo cha kuulia vijidudu kinatakiwa kiwe asilimia 60 na kuendelea; mbege, ulanzi, mnazi na busaa viko chini sana ya hapo, na hata pombe kali ya asilimia 35 haifikii. Kata ya mbege inayozunguka kutoka mzee mmoja hadi mwingine hupokea mate ya wote. Naiheshimu kata hiyo, kwa kuwa kunywa pamoja ni kupatana, na mwenyeji kuonja kwanza ni kuwahakikishia wageni kwamba hakuna hila. Hayo yote yanabaki hata kila mtu akiwa na kata yake: mwenyeji aonje kwenye yake, kisha pombe imiminwe kutoka chombo kimoja kikubwa mbele ya macho ya wote.

Mirija mirefu ambayo wenzetu wa magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda huitumia kunywea pombe kutoka chungu kimoja huonekana salama, maana kila mtu ana wake. Tatizo liko upande wa chini. Ukiacha kuvuta, kilichobaki ndani ya mrija hurudi chunguni kikiwa kimechanganyika na mate yako. Maji ya moto yanayoongezwa mara kwa mara hayaokoi, kwani yakishachanganyika na pombe iliyopoa hayabaki na joto la kuua. Na hapa kifua kikuu kinarudi kwa mlango wake halisi: watu kumi kukizunguka chungu kwa saa nyingi, kibandani pasipo dirisha. Chungu kikitolewa nje, kikakaa chini ya mti, hatari hiyo hupungua sana.

Kwa timu za mpira, chupa moja kwa mchezaji mmoja, iandikwe namba ya jezi. Ikilazimu kuchangia, maji yamiminwe mdomoni bila chupa kugusa midomo.

Kuna nyakati ambapo hata hayo hayatoshi. Ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, uliotangazwa mkoani Kagera Machi 2023, na tena wilayani Biharamulo Januari 2025, huambukizwa kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, mate yakiwemo. Mlipuko wa namna hiyo ukitangazwa, chungu cha pamoja kisimame kabisa mpaka wizara itangaze kuwa umekwisha.

Gharama isiwe kisingizio. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana tayari vina masufuria, viti na maturubai. Vinunue na vikombe 200 vya plastiki ngumu, ndoo mbili za bomba na mabeseni matatu, na kamati iteue vijana wawili wa kuosha, kama inavyoteua wa kupika. Shuleni, kila mtoto aje na kikombe chake chenye jina, kirudi nyumbani kila siku kuoshwa, kwa sababu kikibaki kabatini wiki nzima kitaazimwa. Na maofisa afya wanapokagua migahawa na vilabu vya pombe, wakishatazama vyoo na vyeti vya kupimwa afya, waombe waoneshwe yale maji yanayosuuzia vikombe, wakati huo huo, kabla mwenye duka hajapata nafasi ya kuyabadilisha.

Wako,
Mdau wa afya ya jamii,
Moshi