Barua ya malalamiko: mdoli na mafunzo ya dharura za uzazi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MDOLI WENYE KASORO NA MAFUNZO YASIYOKAMILIKA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mkunga, msimamizi wa wodi ya wazazi. Tulinunua kwenu mdoli wa kufundishia pamoja na siku 2 za mafunzo ya kuigiza dharura za kujifungua, na tulilipa fedha zote kabla mwezeshaji hajafika.

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye slaidi. Wakunga wangu hawakuhitaji kusomewa kwamba mililita 500 ni damu nyingi kumtoka mama baada ya kujifungua; hilo wanalijua tangu chuoni. Walitaka kuzoeza mikono na sauti: nani aite msaada, nani akande kizazi, nani achome oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10, nani aandike saa. Zoezi lilikuja mchana wa siku ya pili, moja tu, kwa watu 18, wengi wakitazama wakiwa wameegemea ukuta. Mabega ya mtoto kukwama na kifafa cha mimba, vilivyomo kwenye mkataba, havikuguswa kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kizazi cha mdoli. Kinatakiwa kiwe laini damu inapotoka, kisha kikaze kikikandwa. Chetu kimekuwa kigumu tangu kitoke kwenye boksi, na mfuko wa damu bandia unavuja hata bomba likifungwa. Mkunga mwanafunzi aliweka kiganja usawa wa kitovu, akanigeukia: "Sista, mbona kimeshakaza?" Aliuliza sawasawa. Kizazi kikiwa kigumu na damu bado inatoka, mkunga anatafuta palipochanika. Mwezeshaji wenu akamjibu, "Chukulia ni laini, endelea kukanda." Mkono haujui kuchukulia, unashika kile unachokigusa, na ndicho utakachokikumbuka usiku mama akitokwa damu.

Zoezi lilipoisha mwezeshaji alifunga begi akaondoka. Hatukukaa kuzungumza nani alisita, wala kwa nini dawa ilichelewa.

Naomba ndani ya siku 14 mlete kizazi na bomba vipya, na mwezeshaji aliyewahi kuzalisha, aendeshe mazoezi siku nzima, timu ya watu 5 au 6 kwa zamu, kila zoezi lifuatiwe na mazungumzo. La sivyo, turudishieni fedha zetu. Mdoli nimeufungia stoo. Hatautumia mtu hadi urekebishwe.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu,
Msimamizi, Wodi ya Wazazi