Pua yako imeshakuzoea

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Huku Chake, Pemba, sote wazima, ila mvua za vuli zinatusumbua na karafuu ziko juu ya majamvi. Kila wingu likipita tunakurupuka kuzianua. Naandika barazani baada ya kuchambua pishi mbili na jirani, kwa hiyo karatasi ikikunukia usishangae, ni vidole vyangu.

Juzi kwenye simu ulilalamika kwamba yale mafuta mazuri yenye harufu ya ndimu uliyonunua Kariakoo ifikapo saa nne asubuhi hayapo tena. Ukasema ukajipulizia upya, mara mbili, na mwenzako wa meza ya pili akauliza nani kamwaga dawa ya mbu. Nilicheka mpaka baba'ako akatoka chumbani. Lakini baadaye nikakuonea huruma, maana mama'ako nimefundisha kemia skuli miaka 29 na jambo hili sikuwahi kukueleza.

Hukuuziwa maji, mwanangu. Ndimu, chungwa, nanaa, na zote hizo wanazoziita za kila siku, zina chembe nyepesi, na zikipata joto la ngozi huruka. Udi na halud, yale mafuta ya udi, ni vizito, ndiyo maana ukifungua sanduku la nguo zangu za harusi bado linanuka. Halafu angalia maandishi ya kwenye chupa. Ikiandikwa Eau de Cologne, manukato yenyewe ni kama asilimia 2 mpaka 5, kilichobaki karibu chote ni spiriti na maji. Eau de Parfum hufika 15 mpaka 20. Hiyo ya kwanza ilipata jina lake mji wa Köln, Ujerumani, ambako duka la Farina lilianza mwaka 1709, na tangu hapo kazi yake ni kuburudisha. Haikukusudiwa ikae mpaka magharibi.

Hiyo ni nusu ya jawabu. Nusu nyengine ni pua yako. Msimu kama huu mgeni akishuka melini pale bandari ya Mkoani huuliza, harufu gani hii nzuri? Sisi tunamtumbulia macho: harufu ipi? Pua ikikaa na kitu kwa muda huacha kukipokea. Wewe umejizoea, lakini aliyebanwa nawe kwenye mwendokasi hajakuzoea. Kwa hiyo ukiona harufu imekwisha, usijipulizie. Muulize mtu. Mara nyingi bado ipo tele.

Na hiyo Old Spice, manukato uliyomletea baba'ako Idi, si ngeni kwetu. Mjomba'angu aliyekuwa baharia aliniletea kichupa chake cheupe kama pembe, kizibo cha kijivu, tumboni imechorwa merikebu ya matanga. Kampuni ya Shulton ya Marekani iliitoa kwanza kwa wanawake, 1937, ya wanaume ikafuata 1938. Tangu 1990 ni mali ya Procter & Gamble. Merikebu moja waliyoichora ni Grand Turk, ya mji wa Salem kule Massachusetts. Sasa sikiliza: Salem ndiko zilikotoka meli nyingi zilizoleta vitambaa vya merikani Unguja na kuondoka na pembe na sandarusi, na konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Ukiinusa taratibu utapata karafuu na kitu kama mdalasini. Sisemi ni karafuu za Pemba. Baba'ako ndiye anayeapa kuwa ni za Wete.

Kichupa kile kilipokwisha, mwaka ule tulioana, nikajifanya fundi. Nikapata mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kama wafanyavyo kiwandani Wawi, nikamimina kwenye spiriti bila kipimo. Baba'ako akatoka kwa kinyozi Ijumaa asubuhi, nikampaka mashavuni. Subhanallah! Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni eujenoli, ile harufu unayokutana nayo kwa daktari wa meno, na yakiwa makali huunguza ngozi. Uso ulimwiva kama pilipili. Alikwenda msikitini kafunga kilemba mpaka kidevuni, akakaa safu ya mwisho, na watu wakamuuliza kama anaumwa jino. Mwalimu wa kemia, mimi! Ndiyo maana nakwambia, ukishanyoa tu usipake kitu kikali. Osha kwa maji baridi, ngoja ngozi itulie.

La kikwapa nalo nitalisema, maana najua wenzako wanaona haya kulisema. Jasho lenyewe likitoka halinuki. Vijidudu vya kwapani hulila, na taka zao ndizo zinazonuka. Ukipuliza sprei juu ya kwapa la jana unachanganya tu, ikawa harufu mbili mbaya. Koga, nyoa, jikaushe vizuri, kisha rolioni. Kuna ya kupunguza jasho, ambayo ina chumvi za alumini, na kuna ya kuzuia harufu peke yake. Wewe unayetoka jasho kama babu'ako chukua ile ya kwanza, uipake usiku kabla ya kulala, hapo ndipo inaposhika. Shati la jana halivaliki, hata likipulizwa chupa nzima.

Kopo lako la sprei ulilisahau dirishani, juani. Lina gesi inayowaka, baba. Nimelihamishia kabatini.

Nimempa nahodha wetu kifurushi: kofia yako, halua, na kichupa cha halud cha kidole kimoja. Tone moja nyuma ya sikio, Ijumaa tu, na kanzu uifukize kwenye chetezo usiku wake. Ofisini endelea na ndimu yako, mapulizo mawili, basi.

Kile kichupa cha mjomba ninacho mpaka leo, kitupu tangu hujazaliwa. Jana nilikifungua. Baba'ako akanusa akasema hamna kitu humu. Nikamwambia atoke barazani kwenye karafuu, akatembee mpaka barabarani, kisha arudi anuse tena. Hajarudi bado, amekutana na wenziwe wa bao.

Mama'ako