Wasichana wa Ireland waliopelekwa Australia

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Pole sana kwa viazi. Uliponiandikia kwamba ukungu umemaliza shamba lenu huko Njombe, niliwakumbuka wasichana ninaowasoma siku hizi, maana ugonjwa uliowafanya mayatima ni huo huo, bakajani chelewa.

Uliingia Ireland mwaka 1845. Maskini wa kule hawakuwa na chakula kingine ila kiazi. Nafaka ilikuwepo, lakini iliuzwa ili kuwalipa wenye ardhi kodi yao, na meli ziliendelea kuipeleka Uingereza watu wakizikwa. Walikufa wapatao milioni moja. Watoto waliobaki wengi wakajazana kwenye nyumba za maskini za serikali.

Earl Grey, waziri wa makoloni wa Uingereza iliyoitawala Ireland wakati huo, akaona pa kuwapeleka: Australia, ambako wanaume walizidi wanawake na watumishi wa nyumbani walikuwa adimu. Kati ya 1848 na 1850 wakasafirishwa wasichana zaidi ya 4,000, wengi wao wa miaka 14 hadi 20. Kila mmoja alipewa sanduku la mbao lenye shimizi sita, soksi jozi sita, viatu jozi mbili na magauni mawili. Wakapanda meli Plymouth, wakakaa baharini miezi mitatu na zaidi.

Linaloniuma mno ni mapokezi yao. Sydney waliwekwa Hyde Park Barracks, kambi iliyokuwa ya wafungwa, na waajiri wakaja kuchagua. Haukupita muda magazeti yakawaandama: hawajui kupika, hawajui kufua, hawana adabu. Rehema, binti aliyelelewa kwa uji wa sufuria ya watu mia, jiko angelijulia wapi? Na nyuma ya maneno hayo ilikuwepo chuki dhidi ya Wairishi na Ukatoliki wao. Kelele hizo ndizo zilizoua mpango wenyewe.

Wao hawakurudi. Wapo walioteswa na waajiri wao, lakini wengi waliolewa, wakazaa, wakaenda kulima. Mwaka 1999 wakajengewa mnara wa kumbukumbu kwenye ukuta wa kambi ile, na baadhi ya majina yao yamechorwa kwenye vioo.

Jambo moja bado linanisumbua: ardhi waliyoilima ilikuwa ya wenyeji wa Australia walionyang'anywa. Ukija likizo nataka tulizungumze hilo kwa kirefu, maana wewe ndiye unayefundisha historia.

Rafiki yako,
Neema