Sumu itoke chumbani kwanza, mawaidha yafuate

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari ya yule mkulima wa nyanya wa kule milimani aliyejitoa uhai ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mlitaja jina la sumu aliyokunywa, mkataja kiasi, mkataja na duka alikoinunua. Kichwa cha habari kikatangaza kwamba kisa ni deni. Mwisho mkaweka maneno ya kiongozi akiwataka wakulima wawe wavumilivu. Nimestaafu uuguzi wa afya ya akili hapa mkoani Tanga, nami nasema bila kuzunguka: habari ile ina madhara.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa waandishi juu ya jambo hili, tena ni mfupi. Usieleze njia aliyotumia marehemu. Usilibebeshe tukio sababu moja, kwa kuwa karibu kila mara sababu ni nyingi zilizorundikana. Waeleze wasomaji wapi pa kupata msaada. Mtu aliyekwisha kuelemewa, akisoma jina la kitu ambacho yeye mwenyewe anacho uvunguni, mmemwonyesha njia. Ndiyo maana katika barua hii sitaitaja sumu yoyote kwa jina.

Na huo uvumilivu mnaouhubiri, mkulima anao tele. Wa Muheza anauza machungwa yakiwa bado mtini kwa bei ya mlanguzi. Wa Handeni anapanda mara mbili, mvua inamkimbia mara mbili. Asingekuwa mvumilivu, angekuwa ameliacha jembe zamani.

Tatizo linaanzia katika neno tunalolitumia kila siku. Viuatilifu, yaani sumu za shambani, tunaviita dawa: dawa ya nyanya, dawa ya mahindi, dawa ya mchwa. Na kwa kuwa ni dawa, vinakaa zinapokaa dawa, yaani chumbani, juu ya kabati au chini ya kitanda, mara nyingi ndani ya chupa ya maji isiyo na lebo kwa sababu vilinunuliwa kwa kupimiwa. Bwana shamba humwambia mkulima aviweke banda la nje. Mkulima haviweki huko, naye ana sababu: ni ghali na vitaibwa. Ushauri usiojali hofu hiyo haufuatwi. Sasa fikirini usiku wa saa tisa, mtu hajalala siku ya nne, nyumba imetulia. Kwa wengi, ule msukumo wa kujitoa uhai huja kama wimbi, ukapanda kwa saa chache, pengine dakika, kisha ukashuka. Kama sumu iko mkononi, wimbi halipewi nafasi ya kushuka. Ikiwa iko mbali, wengi huamka asubuhi wakiwa hai, na wengi wa walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua.

Wapo watakaosema tugawe masanduku yenye kufuli. Na mimi nililipenda wazo hilo, lakini limeshapimwa. Huko Sri Lanka lilijaribiwa katika kaya zaidi ya 50,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, na masanduku peke yake hayakupunguza watu kunywa sumu. Ufunguo ulibaki ndani ya nyumba ileile, na duka lilikuwa jirani. Kilichookoa watu katika nchi hiyo ni kupiga marufuku sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine. Kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70, na mavuno hayakuporomoka. Kwetu, usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa hiyo mlango wa kugonga unajulikana. Mkulima naye anaweza kuanza leo kwa kuangalia rangi ya ukanda ulio chini ya lebo. Nyekundu ni hatari kabisa, kisha njano, kisha bluu, na kijani ndiyo afadhali. Amwombe mwenye duka ile ya kijani au bluu inayoua mdudu yuleyule. Akipimiwa kwenye chupa ya soda asikubali, maana bila lebo hata mganga hatajua atibu nini.

Kwa kuhifadhi mahindi, sumu haihitajiki kabisa. Ipo mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki nzito ndani na mmoja wa kusokotwa nje, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Wengi huikataa baada ya msimu mmoja kwa sababu mahindi yaliota ukungu, na kosa huwa ni kufunga mahindi mabichi. Chukua chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili, itie ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na konzi ya mahindi, tikisa vizuri, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiponata, jaza mfuko. Kwanza ujaze pumzi mifuko ya ndani na kuisikiliza kama inavuja. Toa hewa yote juu ya mahindi, sokota shingo, ikunje, funga kila mfuko peke yake kwa kamba, uweke juu ya mbao mbali na ukuta na panya. Usifungue kila wiki kuonja, kwa sababu hewa inarudi na wadudu wanafufuka. Nyumba yenye mifuko hii imepunguza kopo moja la sumu chumbani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, ambalo habari yenu haikuligusa hata kwa neno. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kila kijiji kinalijua hilo, hata ambako hakuna anayejua namba ya kifungu. Matokeo yake ni uongo mlangoni pa kituo cha afya. Kuna kijana aliyeletwa jioni, ndugu zake wakaapa kwamba amekula muhogo mbaya. Alikuwa analowa jasho, mate yanamtoka bila kukoma, mboni za macho zimenywea kama tundu la sindano, misuli inamchezacheza, kifua kinakoroma. Dalili hizo ni za sumu ya shambani, na dawa yake, atropini, ilikuwepo kabatini. Lakini muda ulikwenda kwa dripu na maswali ya muhogo, kwa sababu familia ilikuwa inaogopa PF3, ile fomu ya polisi, kuliko inavyoogopa msiba, na chupa walikuwa wameshaifukia shinani mwa mgomba. Mama yake alipovutwa pembeni na kuhakikishiwa kwamba hakuna askari atakayesimama kitandani, ndipo alipolia na kusema. Kijana alipona, ila alilala wodini wiki nyingi kwa nimonia, maana nyumbani walimnywesha maziwa na mayai mabichi na kumtapisha kwa kidole, matapishi yakaingia mapafuni. Maziwa hayaui sumu. Kutapisha kunaongeza hatari, kwa kuwa sumu nyingi zimechanganywa na mafuta yanayounguza mapafu. Kinachotakiwa ni hiki: vaa mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo, mwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi, mlaze ubavu, usimpe kitu chochote mdomoni, mkimbize kituoni pamoja na chupa au lebo, na useme ukweli. Hayo ndiyo mngeyachapisha ukurasa wa kwanza, Ndugu Mhariri, mahali pale mlipoweka jina la sumu.

Kabla ya kufika huko dalili huwa zipo, ila mkulima hasemi ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Atasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka, usingizi unakatika alfajiri. Anapimwa malaria, anapewa panadoli, anarudi nyumbani. Mhudumu aongeze maswali mawili tu: katika wiki mbili zilizopita, umekosa raha na mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekuwa mnyonge au mwenye kukata tamaa? Akijibu ndiyo, aulizwe wazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampunguzia mzigo. Mkulima aliyeacha palizi yake imezwe na magugu, anayegawa mbuzi bila sababu, anayesema "mtanitafuta", asiachwe peke yake, na sumu zote zihamishiwe kwa jirani siku hiyohiyo.

Dawa za hospitali nazo zinatolewa bila maelezo ya shamba. Klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, hufanya ngozi iungue haraka juani na mwili ushindwe kuhimili joto, kwa hiyo mgonjwa alime alfajiri, avae kofia pana na mikono mirefu. Haloperidoli, nayo ya ugonjwa wa akili, inaweza kumkakamaza hata panga likamtoka mkononi, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Arudi aelezwe, kuna kidonge cha kulegeza. Amitriptilini, dawa ya sonona, huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, wakati kinywa hukauka tangu siku ya kwanza, basi mtu anasema dawa haifai. Nayo ikizidishwa ni hatari, kwa hiyo mwenye mawazo ya kufa apewe za siku chache, na ndugu ndiye azishike.

Mkitaka kuandika juu ya madeni, andikeni juu ya lumbesa. Kanuni za vipimo zinakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini viazi na kabichi za Lushoto zinashuka mlimani kwenye magunia yaliyoshonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Akipungukiwa anaingia kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, na anayekuja kudai husimama uani mbele ya watoto. Aibu ile ya uani nimeiona ikiwavunja watu kuliko njaa. Weka mizani kila gulio, na mtu wa vipimo asimame pale asubuhi magari yanapopakia, si mchana yakiwa yameondoka.

Na kwa kuwa nimetaja gulio, hapo ndipo pa kuweka kliniki. Kliniki ya afya ya akili huwa mara moja kwa mwezi, siku ya kazi, mjini. Nauli ya kwenda na kurudi inakula kibarua cha siku nzima, na mgonjwa anahitaji wa kumsindikiza, kwa hiyo ni nauli mbili. Siku ya gulio gari zipo, mtu anashuka na mzigo wake, na hakuna atakayemnyooshea kidole kwamba anakwenda kwa vichaa, kwa sababu kila mtu anakwenda sokoni. Chumba kimoja cha zahanati iliyo karibu na soko, muuguzi mmoja, kasha la dawa na daftari la miadi vinatosha kuanzia. Soni na Lukozi, kule Lushoto, wanaweza kuanza mwezi ujao.

Nawaomba toleo lijalo mchapishe masahihisho, na habari ile kwenye tovuti yenu muiondolee jina la sumu, kiasi na duka. Familia ya marehemu bado iko arobaini.

Muuguzi mstaafu wa afya ya akili,
Muheza, Tanga