Barua kwa mwanangu: bima itangulie, kibwa afuate

Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Picha ya yule mtoto wa mbwa imetufikia, na tumeitazama mimi na mamako mpaka chai ikapoa. Umesema ana wiki saba, kwamba mtamfuata Nairobi Jumamosi ijayo, na kwamba suala la bima mtalishughulikia akishatulia hapo Nyali. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya niishike kalamu, kwa maana mpango wenu umeanzia mkiani.

Unajua nimekula mshahara wa kutoa mizigo Kilindini kwa miaka 31. Mfanyabiashara mmoja tuliyemhudumia aliagiza maboksi 60 ya sahani, akaahirisha bima akitumaini kupata bei nafuu, na siku alipokwenda kuikata meli ilikuwa imekwisha kutia nanga. Boksi la kwanza nililoliinua ghalani lililia kama kayamba. Kampuni ya bima ilikuwa imepokea fedha zake bila kuuliza lolote, jambo ambalo hadi leo naliona si la uungwana, lakini ilipofika siku ya kulipa ilitoa tarehe ya hati na tarehe ya meli, ikaziweka sambamba juu ya meza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa mnyama hali ni ile ile, tena ina ugumu wa ziada. Kwanza, Sheria ya Bima ya Kenya, katika kifungu cha 156, humzuia mwenye kampuni kubeba hatari yoyote kabla malipo hayajapokewa au kudhaminiwa, kwa hiyo ahadi ya wakala kwenye simu kwamba "mko sawa, mama" haina uzito hata wa karatasi ambayo haikuandikwa. Pili, hata baada ya kulipa, hati nyingi za bima ya wanyama huweka muda wa kusubiri, mara nyingi siku 14 kwa maradhi na siku chache kuliko hizo kwa ajali, na ugonjwa wowote utakaojitokeza ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa mnyama alikuja nao. Sasa fikiria pavo, ugonjwa unaowaua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu: dalili zake kwa kawaida huonekana siku tatu hadi saba baada ya kuambukizwa, na virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi. Mkimleta Jumamosi na kulipa bima Jumatatu, naye akaanza kutapika Alhamisi, gharama zote ni zenu, na huenda hati ikaandikwa kwamba matatizo ya tumbo hayatalipwa kamwe.

Ushauri wangu ni huu. Mlipeni mfugaji, muandikiane mkataba wa mauziano wenye tarehe, maumbile ya mbwa na namba ya chipu (kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) kama amewekewa, ili mwe wenye mali kisheria, kwa sababu mtu hawezi kukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye hapati hasara. Kisha mwombeni mfugaji aendelee kumtunza mbwa hapo alipo, kwa mama yake, kwa majuma mawili zaidi, huku muda wa kusubiri ukienda. Kampuni na ithibitishe kwa maandishi kwamba siku hizo zinahesabika angali Nairobi, na kwamba safari yenyewe ya kilomita 480 hivi imo ndani ya bima. Nasisitiza safari kwa sababu watu huisahau: mzigo haupotei tu baharini, hupotea pia juu ya lori Mtito Andei.

Kabla ya kulipa hata shilingi, mwombe mfugaji kadi ya chanjo na uiangalie kama nilivyokuwa nikiangalia hati za forodha. Kila chanjo huwa na kibandiko kidogo kinachobanduliwa kwenye kichupa na kugandishwa kwenye kadi, chenye jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na pembeni huwa na sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo. Tarehe tatu zilizoandikwa kwa wino mmoja, mkono mmoja, bila kibandiko hata kimoja, ziliandikwa jioni moja. Kampuni italiona hilo siku ya madai, si siku ya kupokea malipo. Vilevile mpelekeni kwa daktari mnayemchagua wenyewe, apimwe na kuandikiwa cheti, maana cheti hicho ndicho kitakachosema alikuwa mzima.

Kuhusu hati yenyewe, uliza inalipia nini hasa. Bima nyingi za mifugo hapa kwetu zilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, nazo hulipa mnyama akifa au akiibwa. Gharama za matibabu ni jambo jingine, na madhara kwa watu wengine ni jambo la tatu. Usisome jina la bima, soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Chanjo, dawa za minyoo na dawa za kupe kwa kawaida hazimo, na akiugua ugonjwa ambao chanjo yake mliipuuza, dai hukataliwa. Kupe wa Pwani hawana likizo, kwa hiyo gharama hiyo itengee fedha yake. Uliza pia sehemu ambayo mtalipa wenyewe: tuseme matibabu ni shilingi 30,000 na sehemu yenu ni asilimia 10, basi 3,000 zinatoka mfukoni mwenu kabla ya mengine yote. Na kwa kuwa ni German Shepherd, uliza kuhusu ulemavu wa nyonga, ambao ni wa kurithi katika kabila lake na ambao baadhi ya hati huuondoa kimyakimya.

Jambo moja limenitia wasiwasi. Kwenye fomu ya bima umemwandika mbwa wa kufugwa nyumbani, ilhali mumeo anataka alinde geti. Andika ukweli, hata kama malipo yatapanda. Siku akimwuma yule kijana anayeleta maji kwa mkokoteni, atahitaji sindano za kichaa cha mbwa kwa awamu kadhaa, na kampuni itatafuta neno moja tu la uongo ili ijitoe. Chanjo yake ya kichaa apewe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Mashangazi zako watauliza. Waambie mbwa wa ulinzi ana ruhusa katika dini yetu, na kwamba chombo alichokilamba kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na hilo hakuna bima inayolilipia. Mumeo akiona uzito juu ya bima za kawaida, aulizie takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, ambayo ipo Kenya tangu 2011. Vyovyote itakavyokuwa, jina la kampuni na la wakala lihakikishwe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Usitie sahihi kabla sijaisoma. Nitavuka daraja la Nyali Jumatano baada ya Alasiri, miwani yangu mfukoni. Mamako naye amekwisha kununua bakuli la bati Marikiti, na amelipaka rangi nyekundu ukingoni ili lisije likachanganyika na vyombo vyenu.

Wasalaam,
Babako