Mdogo wangu, mlete mtoto Bombo

Mdogo wangu,

Jumamosi tulitembea kwa ajili ya watoto wenye sindromu ya Down, kama mwanao. Tulianzia karibu na msikiti hapa Bombo, tukafuata barabara ya Gulu tukibanana pembeni kwa ajili ya malori, kila mtu na soksi zisizofanana: mguu huu nyekundu, ule wa mistari. Wanasema kromosomu, vile vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi wetu, zikichorwa hufanana na soksi, ndiyo maana kila Machi watu huvaa hivyo. Mwanao nilimnunulia jozi ndogo sokoni, moja ya njano, moja ya kijani. Bado ziko kwenye mkoba wangu.

Kuna kijana wa miaka kama 12 aliyeshika ncha ya bango tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu mzima alipotaka kumpokea, akausukuma mkono wake. Tulipofika kwenye kibanda cha roleksi, zile chapati za kukunjwa na mayai, muuzaji aliacha chapati kwenye kikaango akauliza, "Hawa watoto wanaumwa nini?" Mama wa yule kijana akamjibu huku anatembea, "Haumwi. Huyu ndiye anayenichotea maji." Nilitamani uisikie sauti yake ilivyotulia.

Maana najua wewe umeambiwa nini. Kwamba ni laana. Kwamba ulimcheka mlemavu ukiwa na mimba. Mawifi zako wakauliza ukoo wetu una nini, nami nilikuwapo, nikanyamaza. Kimya kile kinaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu barua hii naiandika hadharani, bila jina lako.

Hukufanya kosa lolote. Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46 katika karibu kila seli, jozi 23. Mwanao ana 47, kwa kuwa ile ya 21 amepata tatu badala ya mbili. Ndiyo sababu tarehe 21 mwezi wa 3 Umoja wa Mataifa huiadhimisha kuwa siku yao, tangu 2012. Mara nyingi kabisa hutokea tu pale seli inapogawanyika, wala si kwa alichokula mama au alichosema. Ni kweli uwezekano hupanda umri wa mama ukisogea, lakini wewe una miaka 23, na wasichana kama wewe wanaowazaa watoto hawa ni wengi.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Ulinipigia ukasema akinyonya anachoka haraka, paji la uso linatoka jasho, na muuguzi mmoja alikwambia usihangaike, mtoto wa aina hii hadumu. Usimsikilize. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na nyingi hutibika zikigunduliwa mapema. Kuchoka huko na jasho hilo huenda ni moyo unaomba msaada. Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda. Tutaanza kwa daktari wa watoto, apimwe moyo, masikio na tezi ya shingo. Nauli ninayo. Mumeo nitaongea naye mimi, na safari hii sitanyamaza.

Usingoje Machi nyingine. Panda basi la Arua la usiku wa Alhamisi, umwambie kondakta akushushe Bombo. Nitakuwa barabarani nakusubiri kabla hakujapambazuka. Idi ulipokuja ulimfunika kanga mpaka machoni, nikashindwa hata kumbusu. Safari hii usimfunike uso.

Dada yako